Sigara Ambazo Matar bin Abdulsamad Hakuzivuta

Ndugu, majirani na marafiki mliotoka makaburini na matope yangali viatuni, sheikh ametupa ruhusa ya muda mfupi kabla ya hitma kuanza, na ijapokuwa si ada yetu sisi watu wa Unguja na Pemba kumsoma marehemu wetu kama barua, familia imeona mara hii lazima asomwe, kwa tarehe na kwa mahali, na sababu yake mtaijua kabla hamjatoka katika ukumbi huu. Anayesoma ni Jaffar, shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, mnamjua kwa kelele zake za karata siku za Jumapili, na leo mtamvumilia akisita.

Marehemu Matar bin Abdulsamad alizaliwa tarehe 14 Februari 1945, Vikokotoni, mjini Unguja, mtoto wa tatu wa fundi saa Abdulsamad na mkewe Bi Zainab, akasoma Kurani kwa mwalimu wa mtaani, akaingia skuli ya serikali mwaka 1952, na mwaka 1960 akapelekwa skuli ya ufundi, ambako alijifunza kupaka na kupulizia rangi za magari, akatoka Desemba 1963 na cheti mkononi na sifa ya kuwa na mkono usiotetemeka. Cheti hicho hakikupata kumtafutia kazi nyumbani, kwani mwezi mmoja baadaye yakaja mapinduzi, na siku ya nane baada ya mapinduzi waliingia dukani watu wawili na daftari, wakaliweka juu ya meza ya fundi saa katikati ya saa zilizofunguliwa, wakamwuliza swali moja tu, nani huja kuzungumza hapa barazani jioni, naye, mtu wa watu, akawatajia majina kwa ukweli wake wote, wakaandika, wakamchukua na yeye, hakurudi. Matar alikuwa amesimama mlangoni, na tangu siku ile mtu yeyote aliyekaa nyuma ya meza na kalamu alimkausha mate, awe karani, awe daktari, awe mwalimu wa watoto wake, na msomaji anawaombeni mlishike hilo, maana bila ya hilo mengine yote mtayaona ni upumbavu.

Alifika London tarehe 3 Julai 1964 kwa meli aliyoipandia Mombasa, akapanga chumba Stratford pamoja na Wazanzibari wengine watano, akaosha vyombo hotelini kwa karibu miaka miwili, na tarehe 9 Mei 1966 akajiunga na jeshi la nchi hii, kwa sababu jeshi lilikuwa na kitanda, koti la baridi, na karatasi ya kukaa ambayo mtu haamki asubuhi akakuta imefutwa. Februari 1967 alipelekwa Ujerumani, kwenye karakana ya kikosi ambacho familia haikitaji jina kwa kuwa shauri lingali mezani, na huko alikaa miaka tisa akibandua rangi kuukuu za malori kwa dawa, na kupulizia rangi mpya, ndani ya banda ambalo milango yake wakati wa baridi hufungwa ili rangi ikauke, pua imefungwa kitambaa tu, na jioni akipenga kamasi hutoka za kijani kama lori lenyewe. Hapakuwa na aliyemwambia kuwa kuna ubaya, na yeye, wallahi, alijivunia kazi ile, alikuwa akisema lori lililopita mikononi mwake unaweza kunyolea ndevu mbele yake.

Katika banda hilo alifanya kazi pamoja na Balbir Singh, kijana wa Kisumu, Singasinga mwenye kilemba chake, aliyeongea Kiswahili cha ziwani kilichomchekesha Matar mpaka machozi, na hawa wawili walikuwa na taabu moja, chakula. Nyama ya jeshini ilikuwa ya nguruwe au isiyojulikana nani kaichinja, na Matar alikula viazi na mayai miezi minne mfululizo mpaka suruali ikamvuka, ndipo Balbir alipogundua kuwa mkulima wa kijiji cha jirani angetoa kuku hai kwa sigara. Kila askari alikuwa na kadi ya mgao, inayomruhusu kununua sigara zisizolipiwa ushuru za kumtosha kuvuta ishirini kwa siku, na hao wawili hawakuwa wavutaji, mmoja hakupenda, mwengine dini yake inamkataza hata kuigusa tumbaku, lakini waliuchukua mgao wao wote, kila mwezi, wakausaini, wakaupeleka kijijini. Mtauliza kwa nini wote, kuku wawili watatu wasingetosha, na jawabu ni kwamba Matar hakula alichochinja Balbir, na Balbir, kwa dini yake, hakula alichochinja Matar, basi kila wakipika ni kuku wawili, visu viwili, sufuria mbili, mmoja anatafuta kibla kwa dira aliyoing'oa kwenye gari bovu, mwengine anasubiri zamu yake huku akimtania kwamba Mungu hahitaji dira. Matetea waliwafuga nyuma ya stoo ya matairi, na sajenti mpaka anahamishwa aliamini ni kuku wa kijijini waliopotea njia. Kuuza sigara za mgao kwa raia lilikuwa kosa la kufungwa, na wote wawili walilijua.

Marehemu alifunga ndoa na Mardhiya wa Wete, dada wa msomaji, tarehe 22 Agosti 1975, hapa London, katika sebule ya watu kwa kuwa ukumbi ulikuwa ghali, na Balbir ndiye aliyebeba masinia, na marehemu akajaaliwa watoto wawili, Zainab aliyezaliwa tarehe 2 Machi 1979, na Abdulsamad aliyezaliwa tarehe 17 Septemba 1983, ambaye amefika jana kutoka Maskati, na wajukuu watatu, hao hapo mbele, wanaotusikia kila neno na kutujibu Kiingereza. Alirudishwa kambi za nchi hii mwaka 1976, akaacha jeshi tarehe 30 Juni 1978, kwa heshima, akafanya kazi kwenye treni za chini ya ardhi miaka thelathini na moja, akisimama penye mageti ya tiketi, mpole, hodari wa kuwapa njia watu waliopotea, akastaafu mwaka 2010 na kukaa kwake Queensbury na bustani yake ya mchicha.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwenye wiki ya mwisho ya jeshi, Juni 1978, maana hapo ndipo alipojichimbia shimo. Askari anayeondoka hupimwa na daktari, na daktari yule, ofisa mwenye nyota mabegani, meza mbele na kalamu mkononi, alimwuliza marehemu kama anavuta sigara, na mate yakamkauka, akafikiri kuwa kadi zote za mgao wa miaka tisa zimo ndani ya jalada lile, na akisema hapana ataulizwa zimekwenda wapi, akasema ndiyo, ishirini kwa siku, tangu 1967. Balbir alikuwa nyuma yake kwenye foleni, amesikia, akaingia na kilemba chake na ndevu zake akasema vivyo hivyo, ishirini kwa siku, na daktari akaandika bila kuinua kichwa. Walicheka njia nzima kurudi bwenini.

Mwezi wa Machi 2015 marehemu aliona damu kwenye mkojo, na hapa mjane ameruhusu lisemwe wazi, kwa sababu kusitiri kumetuponza vya kutosha, aliona damu akanyamaza miezi saba, akifua nguo zake mwenyewe, akimwambia mkewe ni mgongo, na kwa daktari, kwa kuwa bintiye ndiye aliyefuatana naye, akasema ni mgongo. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, na kilio kilikuja tarehe 24 Novemba 2015, hospitali iliposema ni saratani ya kibofu cha mkojo. Muuguzi wa wodi ile, Bi Zipporah, mtu wa Machakos, ndiye aliyemwuliza kwa Kiswahili kama aliwahi kufanya kazi ya rangi, na aliposikia mambo ya banda na milango iliyofungwa akaweka kalamu chini, akamwambia Zainab kuwa maradhi haya yanajulikana kuwapata mafundi rangi, hata baada ya miaka thelathini au arobaini, na kwamba askari mstaafu aliyeumizwa na kazi ya jeshi ana haki ya kudai malipo ya ulemavu.

Zainab alipeleka madai tarehe 6 Juni 2016, na majibu yakaja tarehe 19 Januari 2017, kurasa sita, tano za salamu na moja ya kisu, kwamba kumbukumbu za jeshi zinaonyesha mdai alivuta sigara ishirini kwa siku kwa miaka isiyopungua kumi na moja, kwa maneno yake mwenyewe na kwa sahihi yake, na kwamba kuna uwezekano mkubwa zaidi kuwa ugonjwa umetokana na tabia hiyo. Zainab alicheka kwanza, akidhani wamechanganya majalada, maana katika nyumba ile hata njiti ya kibiriti ilikuwa ya kuwashia udi tu, akampelekea baba yake ile karatasi aione, na marehemu akaisoma mara mbili, akaikunja, akasema waacheni. Usiku mkewe alimsikia akijiambia kwamba wamemwandika kuwa kajiua mwenyewe.

Alimwambia mtu mmoja tu mambo ya kuku, akamwapisha, na mtu huyo ni Jaffar. Rufaa ilisikilizwa hapa London tarehe 5 Oktoba 2017, mbele ya watu watatu, na marehemu alikuwa ameamua kusema kweli, alikwishavaa suti yake na medali yake, na nje ya mlango, ukumbini, alimshika Jaffar mkono akamwuliza, niseme? Jaffar akamwambia, usithubutu, Matar, wee mtu mzima, unakwenda kuikiri hatia mbele ya serikali kwa mdomo wako, watakunyang'anya hata pensheni ndogo uliyonayo, huwaoni hawa wazee wa Karibiani, waliokuja kihalali zamani kama wewe, wanaoambiwa leo kuwa nchi si yao, na jina la Balbir utaliweka wapi, mzee wa hekalu lao, naye keshakufa, uje useme alikuwa mchuuzi wa tumbaku? Matar akaingia, akaulizwa kama alivuta, akasema hapana, akaulizwa basi kwa nini ulimwambia daktari wa jeshi kuwa unavuta, akainama, akaitazama meza, dakika nzima, na rufaa ikatupwa kwa kuwa mrufani si wa kuaminika.

Ni mimi, jamani. Ni mimi niliyemfunga mdomo.

Mwezi uliofuata Jaffar alimwambia Zainab kila kitu, na Zainab hakumpigia kelele, ingekuwa nafuu angempigia, alimchukua tu kwenye gari wakaenda Southall kwa Bi Parminder, mjane wa Balbir, wakaketi kwenye makochi yenye vitambaa, wakaanza kuzungukazunguka kama paka na samaki wa moto, kuuliza kama mzee aliwahi kusimulia habari za Ujerumani, na kama kuna aibu atuwie radhi. Bi Parminder akatukata, akasema kwa Kiswahili chake cha Kisumu, kama ni habari ya kuku mimi naijua, bwana yangu alinichekesha nayo miaka arobaini. Kisha akauliza Matar anaumwa nini, na alipoambiwa akaanza kulia, akasema Balbir hakufa kwa moyo kama tulivyotangaza mwaka 2011, alikufa kwa kibofu, alituapisha tusiseme, na ninyi mlikuja kumuaga. Watu wawili wa banda moja, marafiki wa maisha, maradhi mamoja, kila mmoja aliyaficha kwa haya, na laiti wa kwanza angesema, wa pili angekwenda kupimwa mapema.

Bi Parminder alitupa karatasi za hospitali za mumewe, na ile karatasi ya kuachia jeshi iliyoandika kuwa Singasinga yule alivuta sigara ishirini kwa siku, Zainab akapeleka madai mapya Machi 2018. Wakati wanasubiri, tarehe 21 Agosti 2018, marehemu aliondolewa kibofu, akavalishwa mfuko wa mkojo ubavuni, na pamoja na kwamba sheikh alimfafanulia kuwa sala yake ni sahihi na mwenye udhuru hana lawama, aliacha kwenda msikitini, akiogopa mfuko usije ukavuja kwenye zulia la watu. Mtu aliyekula viazi miezi minne kwa ajili ya dini yake alikaa nyumbani Ijumaa akisikiliza hotuba kwenye simu ya mjukuu. Februari 2019 madai yakakataliwa tena, wakasema kuwa na wenzio waliosema maneno yale yale hakuyafanyi kuwa uongo, na kwamba hakuna shahidi aliye hai, asiye wa nyumba yake, anayeweza kuthibitisha kuwa mdai hakuwa mvutaji, nasi tukakata rufaa.

Marehemu aliporudishwa wodini Oktoba mwaka huu, maradhi yakiwa yamefika kwenye mifupa, alimwita Zainab, akataka karatasi, akasema yote, kadi, mkulima, kuku, visu viwili, uongo wa 1978, akasema andika na jina langu kamili, kosa lilikuwa langu na rangi ilikuwa yao. Alitia sahihi tarehe 6 Novemba 2019, herufi zinakwenda zikirudi, ule mkono usiotetemeka, na siku ya pili yake ofisi ikajibu, kwa haraka tusiyoizoea, kwamba maelezo ya mrufani peke yake hayatoshi kwa kuwa yanapingana na maelezo yake mwenyewe. Alifariki dunia Jumamosi tarehe 9 Novemba 2019, saa kumi na moja alfajiri, mkewe amemshika mguu, na neno lake la mwisho linaloeleweka lilikuwa swali, wameamini? Mardhiya akamwambia ndiyo, wameamini. Mwenyezi Mungu amsamehe dada yangu uongo huo.

Leo Jumatatu, tarehe 11 Novemba, siku ambayo mji mzima umevaa maua mekundu vifuani kuwakumbuka askari, tumemzika askari huyu akiwa bado ameandikwa kuwa alijiua kwa sigara.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia miaka minne, wa kwanza Bi Zipporah, ambaye aliuliza swali ambalo hakuna mwengine aliyeliuliza, inamshukuru jirani yetu Bi Kalpana wa Mombasa, aliyeleta mkate wa moto kila asubuhi na kuufunga mlango polepole, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa treni, waliokuja na sare zao, jamaa wa msikitini, na Bi Parminder na wanawe, ambao leo wamesimama kaburini na sisi katika baridi ile. Wote Mungu awalipe.

Na sasa ile sababu. Rufaa ya mwisho itasikilizwa Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2019, Mardhiya ameichukua kwa jina lake kama mjane, na wanachokitaka ni shahidi aliye hai. Hebu tazamaneni. Humu ndani wamo watu waliolala chumba kimoja naye Stratford mwaka 1965, wamo waliosimama naye getini miaka thelathini, wamo waliokuja kwake kila Idi, na hakuna hata mmoja aliyepata kumwona na sigara mdomoni, na hakuna aliyewahi kulisema hilo mahali popote panapoandikwa. Tunajua mnavyoogopa kutia sahihi karatasi ya serikali, sote tuliondoka makwetu na hofu hiyo, na hofu hiyo ndiyo tuliyomzika nayo leo. Penye mlango kuna meza, Zainab amekaa hapo, andikeni jina lenu, anwani, mwaka mliomjua, na mliyoyaona kwa macho yenu, basi, msitie chumvi. Historia hii niliyoisoma itaambatanishwa, ndiyo maana ina tarehe nyingi hivi, na wa kwanza kuandika ni Jaffar, amekwishaandika tangu asubuhi, kwamba alimkataza mtu mkweli kusema kweli, na ametia sahihi.

Matar, shemeji yangu, pumzika kwa amani ya Mola wako. Foleni inaanzia upande huu wa kulia, na wazee wapisheni watangulie.